Chumba cha Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Kiwanda chetu cha nguo sasa ni makazi ya wasanii. Langoni kuna tangazo: chumba, ghorofa ya pili, kwa msanii mzee. Ghorofa ya pili! Miaka kumi na tisa nilitengeneza mashine za kufuma pale. Kupitia dirisha la pale nilimwona marehemu mke wangu mara ya kwanza, anatoka zamu, pamba kwenye nyusi. Tangu watuhamishe kutoka mtaa wa kiwanda naishi kwa binti yangu, mabasi mawili kutoka pale. Uzee ninao. Usanii nitautafuta kesho.

Jumanne, 4 Machi
Nimeupata! Ni chuma chakavu. Msanii mmoja kule kiwandani kaonyesha baiskeli iliyopondwa. Watu wameiinamia kama wako msibani. Nimebeba gia na minyororo hadi nyumbani. Binti kauliza takataka hizi zinalala wapi. Nikamjibu ni sanamu. Kasema basi sanamu ilale nje.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Filimbi naye anakitaka chumba! Mnyapara wetu wa zamani, aliyenipulizia filimbi hata nikipiga chafya. Kamwaga boliti sakafuni, kaziita "Uchovu". Nikamwambia umezimwaga tu. Kasema, bwana mdogo, kumwaga ndiyo sanaa yenyewe. Bwana mdogo! Nina miaka sabini na minne.

Ijumaa, 7 Machi
Kamati ya kugawa chumba imepita kukagua kazi zetu. Mambo yalikwenda vizuri hadi mwenyekiti alipogusa mpini wa sanamu yangu. Ikazunguka. Tena bila kelele! Nakiri, mikono ilinishinda. Gia mbili zikikaa jirani bila kushikana, sipati raha. Nilizipanga, nikazitia mafuta. Mwenyekiti, mama wa watu, kanipa shikamoo na pole: hii, babu, si sanaa, ni mashine. Filimbi kapewa chumba. Kaondoka anapiga mluzi.

Jumatano, 12 Machi
Mwenyekiti kapiga simu! Ile gia haimtoki akilini. Ghorofa ya pili imebaki mashine moja ya kufuma, imezungushiwa kamba kama pambo. Je, naweza kuifufua na kufundisha watu? Nitapewa chumba kidogo pembeni yake. Nikauliza kama kina dirisha. Kinalo. Lile lile.

Nimekwenda leo hii hii kulifungua. Limekwama palepale lilipokuwa likikwama. Binti kasema, umeona, baba, ungejitaja fundi tangu mwanzo. Kweli kabisa, mwanangu.

Ila chumba cha Filimbi ni kikubwa kuliko changu. Na langoni kuna tangazo jipya: chumba kikubwa zaidi ya hicho, kwa mcheza dansi mzee.

Nimeanza kunyoosha magoti.