Koti Kwenye Kiti

Jumatatu, 7 Machi
Bwana Odur, mkurugenzi mkuu wa benki yetu, ametukusanya sote asubuhi hapa makao makuu Nakasero. Hotuba ndefu! Eti uchumi wa nchi hauuawi na riba wala bei ya mafuta. Unauawa na koti. Mtu analitundika kwenye kiti aonekane yupo, kumbe yuko mjini na shughuli zake. Eti kazi ni jasho, na atakayeonekana akitoka jasho ndiye atakayepewa umeneja wa tawi jipya la Nakivubo. Nimepiga makofi kuliko wote. Koti langu wakati huo lilikuwa kwenye kiti. La pili nilikuwa nimelivaa.

Umeneja huo lazima niupate. Aluoch, mke wangu, ameshalitangazia kanisa zima la Luzira. Ameshona hata gomesi, lile gauni refu la mkanda, ya sherehe.

Jumanne, 8 Machi
Bosi amepiga marufuku makoti vitini. Haya, dawa nimeipata: chai! Kikombe kinafuka moshi mezani, miwani kando, kalamu wazi. Nani atasema sipo? Nimepatana na Santina, mama wa chai, awe anabadilisha kikombe kila kikipoa. Nakhisa, jirani yangu wa meza anayeutaka umeneja huohuo, amecheka. Yeye hukaa kitini kutwa kama gunia. Hana mbinu kabisa!

Nimepanda boda hadi Nakivubo, kwenye kibanda changu cha makoti ya mtumba. Nisipokwenda mambo yanaharibika. Mugisho, Mkongomani anayeniuzia, ana haraka mno. Ukimwacha peke yake atauza hata stuli aliyokalia.

Jumatano, 9 Machi
Balaa. Bosi amepita mezani kwangu, akaona moshi, akasema huyu hayuko mbali, akaketi kunisubiri. Chai ikapoa. Santina akaleta nyingine. Bosi akainywa. Santina akaleta nyingine tena! Bosi alipouliza chai hizi zote ni za nani, Santina akajibu kwa heshima kwamba ni za Bwana Odera, yaani mimi, huwekewa akiwa hayupo. Yote haya kanisimulia Nakhisa, bila haya, huku akijifuta machozi ya kicheko.

Alhamisi, 10 Machi
Nimetayarisha utetezi: nilikuwa Nakivubo nikichunguza soko kwa faida ya tawi. Safi! Lakini bosi hakuonekana ofisini. Basi nikatoroka kidogo.

Nilikuwa juu ya stuli, shati limelowa, nikiyapigia kelele makoti, mzee mmoja kanipa mgongo akishikashika la kijivu. Nikashuka, nikamvika kwa nyuma, nikayasifu mabega yake, nikamgeuza. Bwana Odur! Alikuja kuangalia jengo la tawi. Nikaanza kueleza habari za uchunguzi. Akanitazama jasho likinitiririka, akasema taratibu, "Odera, miaka yote hii sijawahi kukuona ukifanya kazi. Leo nimekuona. Baki hapa hapa."

Akalipa akaenda na koti. Jioni mlinzi wa benki akaja kuchukua kitambulisho changu. Tawi kapewa Nakhisa. Gunia lile! Aluoch ameikunja gomesi, akairudisha sandukuni. Hilo limeniuma kuliko kazi yenyewe.

Jumamosi, 12 Machi
Siku yangu ya kwanza kwenye kazi yangu mwenyewe. Hakuna bosi! Nimeketi kidogo, nikakumbuka kuna mtu Nakasero anayemjua mtu katika benki nyingine inayotafuta meneja. Nikatundika koti langu kwenye stuli, lile la arusi, nionekane nipo. Mugisho akauliza namdanganya nani, maana kibanda ni changu. Maswali ya kitoto.

Mtu mwenyewe hakuwepo ofisini. Nimekuta koti lake tu kwenye kiti, nikalisubiri mpaka nikachoka. Kurudi Nakivubo, stuli tupu.

"Patron, mtu aliuliza bei, nikamuuzisha," Mugisho akasema, tena kwa majivuno. Nimemfokea mpaka majirani wakaja. Nao wakawa upande wake! Eti hiki ni kibanda cha makoti, na koti lililotundikwa ni la kuuza.

Hawa watu hawaelewi kazi. Kosa langu lilikuwa moja tu, koti lilikuwa zuri mno. Jumatatu natundika lililochanika.