Kambare Sitini na Migomba Isiyo na Mizizi

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa kijiji. Bi Orathai, afisa kilimo wa wilaya, kachora mraba ubaoni, kaukata vipande vinne. Asilimia thelathini bwawa, thelathini mpunga, thelathini matunda na mboga, kumi nyumba na mifugo. Mwenye shamba la namna hiyo serikali itamchimbia bwawa la maana na kumpa miche. Ukaguzi ni Ijumaa. Ila lazima wakute umeshaanza: samaki wawepo, miti iwepo.

Sijaelewa. Bwawa nalitaka ili nifuge samaki. Wao wanataka samaki kwanza ndipo wanipe bwawa! Nikanyoosha mkono, nikauliza. Nikaambiwa ni swali zuri. Halikujibiwa.

Mimi nina muhogo. Upande wa pili wa shamba nina muhogo pia. Jirani yangu Sawaeng, mwenye bata na maembe, alikuwa akiitikia kwa kichwa mkutano mzima utadhani mraba kauchora yeye.

Jioni mke wangu Nuanchan kasema mwaka huu tukivuna muhogo mtupu tena, anamfuata dada yake mjini Rayong, kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Hakupiga kelele. Angepiga kelele nisingeogopa hivi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepima shamba kwa hatua. Mara ya kwanza nimepata asilimia mia na kumi. Mara ya pili themanini na tano. Halafu ile kumi ya nyumba: nyumba yetu iko kijijini, tena si yetu, ni ya mama mkwe. Je, anahesabiwa? Na kama anahesabiwa, ni nyumba au mifugo?

Nikamuuliza Sawaeng. Kacheka mpaka bata wakakimbia. Eti, "Wewe endelea na muhogo wako, jirani. Hesabu tuachie sisi wenye mabwawa."

Haya. Tutaona. Nina mpango! Lile shimo alimokuwa akigaagaa nyati wetu wa kulimia nitalitandika turubai la bluu. Bwawa hilo. Migomba michanga imejaa kando ya mfereji: nimekata kumi na minne, nimeichomeka ardhini kwa mstari. Bustani hiyo. Kuchimbua na mizizi yake kungechukua wiki nzima.

Jumatano, 5 Juni

Nimebadilishana na muuza samaki wa sokoni: nimempa jogoo wangu wa kupigana, kanipa kambare sitini, wazima. Nimelia kidogo. Yule jogoo alikuwa ananisikiliza.

Kambare wako kwenye mabeseni chini ya nyumba, katikati ya nguzo zinazoiinua. Kesho nawahamishia shambani. Sijamwambia mtu, mpango usije ukamfikia Sawaeng.

Mchana mama mkwe kashuka ngazi, kayatazama mabeseni, kanitazama mimi. Kaniuliza wa nini. Nikasema ni wa jambo jema tu, mama. Machozi yakamlengalenga! Kanishika bega, kaniita mwanangu. Miaka kumi na mmoja hajawahi kunigusa ila kwa ufagio. Labda ile homa iliyomlaza hospitali Aprili haijaisha.

Alhamisi, 6 Juni

Maskini mimi.

Asubuhi nimeenda kutandika turubai. Nimerudi, mabeseni matupu. Nikadhani wezi. Nikatoka mbio, nikasikia jina langu kwenye kipaza sauti cha hekalu.

Leo ni siku ya ibada. Nilisahau! Mama mkwe kaona samaki hai nyumbani kwa mkwewe mkesha wa siku ya ibada, akaelewa kama ambavyo yeyote hapa angeelewa: nimewanunua ili waachiwe huru, thawabu ziende kwake, apone kabisa. Kawabeba na vikongwe wenzake hadi bwawa la hekalu. Mtawa mkuu kawasomea dua. Wote sitini, majini. Na kwenye bwawa lile hakuna anayethubutu kuvua hata kiluwiluwi.

Watu wote wamenipa heshima. Hata Sawaeng kaunganisha viganja mbele yangu, uso umemkunjamana. Nuanchan kanishika mkono njia nzima, akasema hakujua nina moyo wa namna hiyo. Mimi pia sikujua. Nilifurahi sana, na nilitaka kulia. Sijui kipi kilikuja kwanza.

Ijumaa, 7 Juni

Ukaguzi. Kwenye bwawa langu kulikuwa na chura mmoja. Bi Orathai kauliza samaki wako wapi. Nikasema wako hekaluni. Kadhani namtania. Mama mkwe, aliyetufuata na mwavuli, katoa ushahidi mrefu, na homa yake yote ndani. Bi Orathai kafuta macho. Kisha jua likamchosha, kaegemea mgomba.

Wakaenda chini wote wawili.

Alipoinuka kaushika ule mgomba, kautazama shinani, kauliza ni nani kanifundisha kupanda hivi. Nikasema Sawaeng. Sawaeng alikuwa nyuma yangu. Alichosema siwezi kukiandika.

Nimefeli. Lakini kwa ajili ya mama, Bi Orathai kaniingiza duru ya pili, mwezi ujao, na kaniachia machipukizi arobaini ya migomba, yenye mizizi. Kasema, "Kaka Bunthan, yapande haya tu. Hayo tu. Nitakuja kuyaona." Nuanchan kasema Rayong itangoja mpaka siku hiyo. Ikifika hamna kitu, anapanda basi.

Jumapili, 9 Juni

Arobaini! Yaani mashimo arobaini! Tena mvua inanyesha.

Nimekaa kibarazani nikafikiri, na jibu limekuja. Mkaguzi anajuaje shamba ni la nani? Kwa kibao cha jina. Shamba la Sawaeng linapakana na langu, na kibao chake kimeshikwa na misumari miwili tu. Siku ya ukaguzi vibao vinabadilishana nafasi, basi! Bwawa, bata, maembe, vyote vyangu kwa nusu saa. Sijui kwa nini sikuliona hili mapema.

Nuanchan yuko shambani tangu alfajiri, peke yake na jembe. Nimemfuata na mwavuli nimweleze mpango. Kanisikiliza mpaka mwisho, maji yakimchuruzika usoni. Kisha kasema amebakiza mashimo ishirini na mawili, nilete jembe la pili.

Nimerudi nyumbani. Nimetafuta nyundo.

Jembe la pili la nini tena?