Gerenti ya Vichwa Kumi na Viwili vya Treni

Jumatatu, 1 Februari 1993

Kaka Luqmani, shikamoo. Salamu nyingi kutoka Utemini, Singida. Hali yako na shemeji huko Tabora? Goti linaendeleaje, bado linakusumbua ukiinuka kutoka sijida? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama mkwe ndiye anaumwa, na Ziada ameondoka jana kwenda Mitundu kumuuguza. Atarudi Jumamosi tarehe ishirini, kabla Ramadhani haijaandama, maana nguo za Idi za watoto wa mtaa huu wote anazishona yeye.

Uliniambia nikipata mpango niuandike kwanza, nilale, ndipo niufanye. Baadaye nikutumie daftari usome. Daftari nimenunua. Leo mpango nimeufanya kwanza, lakini nauandika siku hiyohiyo. Ni maendeleo.

Lile duka la shirika tulilokuwa tukipanga foleni ya sukari linafungwa, na mabaki yanauzwa. Biashara huria, kaka! Nimefika saa mbili kamili. Gasto fundi redio alifika saa moja. Kila ninapokwenda Gasto ametangulia. Nahofia hata makaburini nitamkuta amekwisha chagua upande wenye kivuli. Amebeba kila kitu.

Lakini Mungu hamsahau mja wake. Gasto hajui alichokibeba! Katoni moja, na ndani yake vichwa vya treni vya kuchezea, kumi na viwili, vya bati, vyekundu na vyeusi, kutoka Ujerumani, vya kujaza kwa ufunguo kama saa ya mezani. Vimelala stoo tangu mwaka 1975. Kila kimoja katika boksi lake. Kila boksi lina kadi: gerenti ya miaka miwili, kuanzia siku ya kuuzwa.

Soma tena hapo. Kuanzia siku ya kuuzwa! Havijawahi kuuzwa. Kwa hiyo gerenti imelala pamoja navyo miaka kumi na minane, kama wale watu wa pangoni, na leo imeamka!

Gasto amesema hela hataki. Anataka cherehani, binti yake Happiness ajifunze kushona. Nimempa ya Ziada.

Kwa muda tu. Kabla ya tarehe ishirini vichwa vitakuwa vimeleta cherehani mpya, yenye mota. Ziada atalia kwa furaha.

Jumanne, 2 Februari

Funguo hakuna.

Nimefungua maboksi yote. Kila moja lina nafasi ya ufunguo na nafasi iko tupu. Nimeshukuru kwamba vichwa vyenyewe vipo. Tena gerenti ni ya nini kama si ya sehemu zilizopungua? Nikaenda posta kumpigia simu wakala wa Dar es Salaam aliyeandikwa kwenye kadi. Nimengoja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Amepokea bwana mmoja mpole sana. Amesema wakala alifunga zamani, wao hapo wanaleta biskuti. Nimemsomea kadi yote. Akauliza nani kaniuzia. Nikasema Gasto. Akasema basi aliyekuuzia ndiye mwenye gerenti, akanitakia mchana mwema.

Nimemshukuru. Watu wenye adabu bado wapo.

Alhamisi, 4 Februari

Nimekwenda kwa Gasto na kadi mkononi. Sijafungua mdomo, ananiuliza kiko wapi kile kichuma cha chini kinachoshika bobini. Cherehani inalia tu, haishoni. Akasema mbele ya wateja wake: "Umenipa meza, Mzee Tamimu. Meza nzuri, ina hata pedeli!" Watu wamecheka. Mmoja ni wa safu yangu msikitini.

Nimerudi nyumbani nikapekua kila droo. Hakipo. Ziada amesafiri nacho. Sasa kaka, mwanamke anakwenda kumuuguza mama yake, kichuma cha bobini cha nini? Miaka ishirini na miwili ya ndoa na bado wake zetu ni fumbo.

Nikarudi kwa Gasto nikamwomba tuvunje mabadilishano. Akakubali haraka mno: nirudishe vichwa vyote kumi na viwili kama alivyonipa, nichukue meza yangu. Vile alivyolitamka neno meza! Nikamwambia hapana. Funguo nitatafuta mwenyewe.

Ijumaa, 5 Februari

Khutba ya leo ilikuwa juu ya amana. Mwenye kupewa kitu akitunze mpaka mwenyewe arudi. Maneno mazito. Nikageuka kutazama kama yanamchoma Gasto, nikakumbuka Gasto ni Mkatoliki.

Baada ya swala nikaenda kwa Yeremia mhunzi. Yeremia ni Mnyiramba. Babu zake waliyeyusha mawe wakatoa majembe. Alicheka kwanza mpaka akakaa chini. Kisha akachukua msumari wa inchi sita, akaupasha moto, akaupiga, akaupinda. Ufunguo! Umeingia kama umezaliwa humo. Lakini kichwa hakikutembea. Grisi ya Mjerumani imekauka ndani kama jiwe.

Hapo Mungu akanifungulia akili. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti, yale ya kinu kipya, manjano kama asali. Nikamimina. Tukangoja. Nikajaza.

Kimetembea, kaka! Kimezunguka fuawe mara mbili kikiimba. Yeremia, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amepiga magoti vumbini akikifuata. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nimevipaka vyote kumi na viwili, na Yeremia atafua funguo nyingine.

Jumatatu, 8 Februari

Siku ya neema! Vimetoka vitano. Mwalimu Theresia, jirani yetu mstaafu, amechukua kimoja kwa jogoo. Vitatu nimepata mahindi, mkeka na taa ya chemli. Na Mughwai, yule mfugaji wa Ikungi, ametoa mbuzi wawili! Aliuliza kama kina gerenti. Nikamwambia Mjerumani alilala, mimi niko macho. Gerenti ni mimi mwenyewe, miaka miwili, Mungu shahidi. Na wale wengine wanne nimewaapia hivyohivyo, ili pasiwe na ubaguzi.

Gasto alipita, akasimama, akauliza vikiharibika nani atavitengeneza. Nikamjibu kwa sauti kwamba wapo watu wanaokimbia gerenti zao na wapo wasiokimbia.

Jogoo nimemla. Nyama laini. Mbuzi wawili na mahindi, ongeza kidogo, cherehani ya mota hiyoo!

Jumatano, 10 Februari

Cha Mwalimu Theresia kimesimama. Amekuja, akakiweka mezani kama alivyokuwa akirudisha daftari la mtoto aliyepata sifuri. Nimekiongezea alizeti. Kimekuwa kizito zaidi.

Jioni mwenye mkeka. Kisha mwenye chemli. Mwenye mahindi amekuja na mkewe, na mkewe ndiye aliyesema. Nimejaribu kuwaeleza habari ya vumbi la Singida na upepo huu wa kwetu. Mke yule akaniuliza: "Uliapa kwa Mungu au uliapa kwa upepo?"

Kaka, nimeapa kwa Mungu. Nimerudisha vyote. Mwalimu nimempa matetea wawili badala ya jogoo. Nashukuru hakuna aliyenitukana, isipokuwa yule mke, naye kwa haki.

Jumamosi, 13 Februari

Jana usingizini nimeiona hekima ya haya yote. Visingesimama, ningevikusanyaje? Mungu mwenyewe ameniletea vichwa mlangoni kimoja kimoja! Vilivyomo ndani ni kumi na kimoja. Bado cha Mughwai tu, kisha Gasto hana la kusema. Heri meza yetu kuliko mota ya ndotoni.

Nimepanda baiskeli mpaka Ikungi na kuwaburuta wale mbuzi wawili kwa kamba. Kufika mchana, nimechoka mimi, mbuzi wameshiba njiani. Kichwa cha treni kimekalishwa juu ya kigoda katikati ya nyumba, juu yake kitambaa cha kufuma. Nikasema najua kimesimama. Mughwai akasema ndiyo, tangu siku ya pili. Nikasema basi gerenti, hawa hapa mbuzi wako. Akanitazama kama nimekuja kumpokonya mtoto.

Akasema: "Mzee wangu, mbona unanitisha? Kimepumzika. Na ng'ombe wangu nao hulala." Akasema ameona treni nyingi stesheni ya Itigi tangu utoto wake, zote huondoka. Hii ndiyo ya kwanza kufika kwake ikakaa.

Nimemwomba, nimembembeleza, nimemtajia Ziada. Amenihurumia sana. Amenipa kibuyu cha maziwa ya mgando na kukataa mbuzi.

Jumatano, 17 Februari

Nimempelekea Gasto vichwa kumi na kimoja na mbuzi wawili juu yake. Amehesabu mara mbili kwa makusudi. Kisha akainua kimoja, akakinusa. "Kumi na kimoja," akasema, "na vinanuka maandazi." Amesema alinipa kumi na viwili visivyo na harufu. Mbuzi hafugi.

Nimerudi navyo vyote nyumbani, nikakuta dereva wa basi ameleta ujumbe. Mama mkwe amepona! Anakula, anagomba, anatembea. Ziada anarudi kesho.

Nimesali rakaa mbili za shukrani kwa afya ya mama mkwe. Zilipokwisha nikabaki nimekaa palepale kwenye mkeka, natazama dirishani. Pale cherehani iliposimama kuna alama nne za miguu sakafuni. Nimejaribu kuzifagia. Hazifutiki. Kwa cherehani hiyo Hanifa wetu alisoma. Nilipougua mwaka ule wa njaa, tulikula kwa mkono wa Ziada. Haya yote niliyajua tangu tarehe mosi, kaka. Sijui niliyaweka wapi.

Alhamisi, 18 Februari

Ziada amefika saa saba. Ameweka mzigo, amenipa salamu za mama, ametazama dirishani. Nimeeleza yote mwenyewe, nimesimama kama mwanafunzi, mpaka habari ya maandazi.

Akachukua kichwa kimoja akapitisha kidole ndani. Akasema alizeti ikikaa inakuwa gundi. Kila aliyewahi kusugua kikaango analijua hilo, ila mimi sijawahi kusugua kikaango. Kisha akafungua fundo la kanga. Kichuma cha bobini! Amesema kila anaposafiri husafiri nacho, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Si kwamba sikuamini, Baba Hanifa," akasema. "Nakujua."

Akajitanda, akatoka. Mimi nyuma. Kwa Gasto hakupandisha sauti. Amemwamkia, ameuliza hali ya watoto, ndipo akaonyesha kichuma kwenye kiganja. Akamwambia: wewe una meza, mimi nina mshono, na Happiness hana vyote viwili. Meza irudi kwangu, na Happiness aje kila alasiri. Nitamfundisha mpaka ashone gauni la harusi. Gasto akakuna kichwa. Akauliza na vichwa vya treni je? Ziada akamwuliza kwani anavitaka. Akasema la, havitaki hata bure.

Gasto mwenyewe ameibeba cherehani begani mpaka kwetu! Mimi nimebeba droo. Amekunywa chai, amekula chapati, akasema mke wangu ana akili, akanitazama mimi, akarudi kwenye chapati. Nimemshukuru. Ni jirani mwema, na hilo nimelikataa miaka yote.

Wakati wa magharibi nimelia kwenye sijida. Imamu alidhani naumwa.

Jumamosi, 20 Februari

Naandika nikisikia cherehani ikikimbia. Ziada anakata, Happiness anakanyaga. Gauni la kwanza la Idi limeisha mkono mmoja. Sijui nimeshukuruje.

Ziada ameomba kitu kimoja tu. Nimwandikie kwa mkono wangu kwamba cherehani haitatoka nyumba hii bila kauli yake. Nimechukua kadi moja ya Mjerumani, nikaandika nyuma yake: Gerenti, mpaka siku ya kiyama, Tamimu. Akaisoma. Akatabasamu! Akaikunja, akaitia kwenye kanga pale pale pa kichuma, akarudi kushona akiimba.

Kaka, nilisimama nikamtazama. Amepata nini? Cherehani ilikuwa yake. Nyumba yake. Ametabasamu kwa karatasi! Karatasi haina ufunguo wa kupotea. Haipakwi mafuta. Haisimami siku ya pili. Siku ishirini nimehangaika na mzigo mzito wa bati, na ile nyepesi ilikuwa imelala juu yake ndani ya boksi!

Basi alasiri nimekwenda kwa mchapaji, karibu na soko, nikaagiza kadi mia mbili za kuuza. GERENTI YA TAMIMU, UTEMINI. Si ya kitu kipya. Ya kitu ulicho nacho tayari: redio, baiskeli, kitanda, paa. Nani katika nchi hii hana kitu kinachomtia wasiwasi? Mchapaji amekubali vichwa kumi na kimoja kuwa malipo. Ameuliza kama vina gerenti. Nimempa ya kwanza kabisa, Mungu shahidi. Na Mughwai, niliyemkuta sokoni, ameuliza kama ng'ombe nao wanaingia. Nimemwambia wanaingia.

Ziada sijamwambia bado. Anashona, sipendi kumkatisha.

Daftari hili linakuja kwako kwa basi la kesho. Wewe niambie tu Tabora nikutumie kadi ngapi, maana mchapaji anataka hesabu kamili kabla ya Jumatano. Tafadhali kaka, nijibu upesi.

Mdogo wako,
Tamimu