Likizo ya Theluji ya Adelfina

Jovitus aliiona bahati yake ukutani, dukani kwa fundi simu pale Ngara mjini: kalenda yenye mji wa Ulaya kando ya ziwa, milima yote myeupe, na wazungu wanateleza wamefunga mbao miguuni. Alizaliwa kwetu Mugoma ila kalelewa Mwanza, akajua tu kwamba huku kijijini kuna watu wepesi wa kuamini. Hakukosea. Alipotuletea hiyo picha, kwanza tulidhani wameanika muhogo.

"Ni likizo ya baridi," akatueleza. "Nafasi imebaki moja. Nauli yake ng'ombe."

Macho yote yakamgeukia Adelfina, mjane mwenye mtamba mweusi. Wengine tulibaki kujiuliza kama huko hawapokei mbuzi.

"Mwanangu, huko wanalima nini?" Adelfina akauliza.

"Hawalimi, mama. Wanakaa wanatazama ziwa."

"Anawalimia nani?"

"Kuna watu."

Adelfina akaitikia polepole, kama aliyeonjeshwa asali.

Jumapili baada ya misa akaita wazee, akatoa pombe ya ndizi, akamkabidhi Jovitus kamba ya mtamba. Jovitus akapokea kwa mikono miwili, akapiga makofi alivyoelekezwa, akanywa mtungi mmoja na mzee Niyibizi. Alishukuru vizuri mno. Hata tapeli akiwa na adabu anapendeza.

Kesho yake akamswaga mtamba hadi mnadani, apate hela ya kutorokea Mwanza kabla mama hajauliza habari za pasipoti. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Niyibizi yuleyule.

"Shikamoo, mzee. Namuuza huyu."

"Marahaba. Humuuzi. Kwetu ng'ombe uliyepewa mbele ya wazee hauzwi. Sasa wewe ni mtu wa nyumba ya Adelfina. Ndama wa kwanza utamrudishia yeye, na shamba lake utalima. Ndama wa pili ndiye wako, huyo uza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungepata wapi nafasi? Ulikuwa unatufundisha theluji."

Mnada mzima ukamjibu hivyohivyo. Kukimbia angeweza, ila mjanja gani huacha mali nyuma? Basi anamsubiri huyo ndama wa pili, na akiwa anasubiri anapalilia maharage.

Adelfina yuko kivulini, miguu ameinyoosha. Ukimsalimia atakuambia yuko likizo.