Mguu wa Mama Josiane na Mawakala Tisa

Mheshimiwa Mlezi wa Umoja wetu wa Dallas na Houston, Waheshimiwa Manaibu Walezi wa Lewisville na Stafford, Pastor, Mama Pastor, manesi mliotoka zamu na manesi mnaotoroka zamu, mama zetu wa Kongo mliopendeza kwa vitenge, na nisiyemtaja ajitaje kimoyomoyo! (Makofi, meza kuu pekee.)

Mimi Mwenyekiti wenu Onyancha niliwaahidi utafiti wa kisukari chetu, mwanasayansi Daktari Kanana wa Houston akichapa kazi bega kwa bega na mawakala tisa wa akili mnemba, watumishi wa ndani ya kompyuta wasiokula wala kuomba ruhusa ya msiba, na leo natamka bila woga kwamba tume-align stakeholders, tume-implement framework, na mafanikio yamefika asilimia mia na nne. (Miguno.)

Kwa kuwa sisi hata sufuria hatuoshi bila kamati, niliwaamuru mawakala wachaguane kwanza: mwenyekiti, makamu, katibu, katibu msaidizi, hadi mwakilishi wa akina mama. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni policy! Kwa wiki mbili wamefanya vikao mia sita na kumi na viwili, wakapongezana kila ukurasa, wakapitisha kwa kauli moja kwamba mimi nina maono. Ninyi mliwahi kuyaona?

(Mama Josiane, mpakiaji wa bohari Lewisville, anasimama kwa shida: “Papa Mwenyekiti, miezi sita najitoboa kidole kila asubuhi, naandika na foufou yote nilikula. Mguu imekufa ganzi. Jibu iko wapi?”)

Keti, mama. Mguu wako tumeu-capture kwenye ajenda ya mia tatu na tisa, chini ya Mengineyo. Wakala mmoja mtundu aliuliza daftari zako ziko wapi. Nikampa onyo la kuruka ngazi, na tangu siku hiyo ananisifu kuliko wenzake.

Utafiti juu! (“Juu!” anaitikia mkewe peke yake.) Kisukari chini! (Mtu anakohoa.)

Nawashukuru mawakala, kwa kukamilisha kazi ambayo hawakupewa. Namshukuru Daktari Kanana, aliyealikwa kula pilau na ambaye amejua sasa hivi kwamba ndiye mtafiti mkuu. Nawe Mama Josiane, daftari zako sita ziko salama kwenye buti ya gari langu, hakuna mkono uliozigusa.

(Daktari Kanana ameacha sahani, amepiga magoti: “Vua kiatu, mama, nione.” Meza kuu inaendelea kupiga makofi.)