Nimepikia Kwaya Maji ya Baridi

Ninyi wajukuu wangu muliokimbilia Bujumbura, someni pole pole na mufunge midomo. Leo nimeumbuka.

Munajua vita ilikata umeme hapa Bukavu, na petroli ya taa haionekani tena sokoni. Lakini dawa ya sukari ya babu yenu inataka baridi, na ndege ikikosa kutua uwanja wa Kavumu, ile chupa ya dawa haina mwenzake. Ndipo mimi, niliyeishia darasa la pili primaire, nikamwambia mukwe wangu Bosco, soudeur, muchomea vyuma: "Ile frigo ya zamani, ya petroli ya taa, inafanya baridi kwa moto wa utambi. Na furu yangu ya kuchoma mikate inatupa moto bure kwa bomba la moshi. Unganisha." Akaunganisha. Maji yakaganda. (Nikatembea kama bibi ya gouverneur.)

Leo nikaita mamans wa kwaya waje waone. Jirani yetu Maman Nsimire akasimama mbele ya frigo, mikono kiunoni.

"Maman Furaha, moto unazaa baridi? Basi jua nalo litaleta usiku."

"Ngoja. Utakunywa maji yenye kuuma meno."

Nikawaza: moto kidogo unaleta baridi, moto mingi utaleta barafu. Nikasukuma kuni furuni mpaka bomba likanguruma.

"Maman, frigo itachemka," Bosco akasema.

"Wewe, nani alikufundisha kupika?"

(Frigo si sufuria ya sombe. Nimejua leo.)

Tukaimba wimbo, tukaimba wa pili. Nikafungua. Siagi ikatiririka juu ya viatu vyangu vya misa. Maman Nsimire akaonja maji.

"Asante, Maman Furaha. Sasa lete majani ya chai."

Kwaya yote ikaangukiana kwa kicheko. Mimi sikucheka, chupa ya dawa ya Muzee, babu yenu, ilikuwa mule ndani. Nikaikamata, nikaifunga kitambaa chenye maji, nikaiweka ndani ya nyungu kivulini. Bosco akatoa kuni, tukangoja. Muzee akasema, "Muke wangu, hata dawa ikiharibika, nitapona kwa kukuogopa tu."

Kufika magharibi, baridi ilirudi. Chupa iko ndani ya frigo tena, nzima, bila tone la petroli. Nani mwingine anafanya hivyo Bukavu hii? Nsimire mwenyewe amerudi kuomba nimuwekee maziwa ya mutoto. Nimekubali. (Nimemungojesha kwanza mulangoni.)

Na nyumba yote nimeiambia: "Kuni ni za mukate. Frigo inakula kinachobaki. Mwenye kuongeza hata kijiti, hata kama ni mimi, mumupige mukono."