Mfuko wa Hewa wa Mheshimiwa

Ofisi ya Utulivu wa Vyombo vya Moto inayo furaha kuutangazia umma wa Musoma, Bunda na Butiama kwamba mifuko yote ya hewa iliyomo kwenye magari yenu ni salama. Huu ndio msimamo wetu tangu mwanzo. Hatukuubadilisha hata pale mfuko mmoja ulipompasukia Bi. Wankyo, kwa sababu mpaka dakika ile nao ulikuwa salama kabisa.

Mimi ndiye Afisa Uhusiano wa ofisi hiyo, na nimeagizwa kueleza tukio zima ili maneno ya vijiweni yakome.

Bi. Wankyo ni mchuuzi wa ng'ombe. Mnadani Bunda alijulikana kwa sauti: akitaja bei upande huu wa zizi, mnunuzi wa upande ule anaitikia. Asubuhi moja alikuwa anapita Kabasa taratibu kwa gari lake, ndama akakatiza barabara, naye katika kumkwepa akagonga nguzo ya uzio. Nguzo iliinama kidogo. Ndama akaendelea na majani yake. Lakini mfuko wa hewa, ambao watu wa mtaani huuita eabegi, ulilipuka kutoka kwenye usukani kama baruti, na kipande cha chuma kikaruka nao kikamkata shingoni. Madaktari waliokoa uhai wake. Sauti hawakuweza kuirudisha. Tangu siku hiyo anaongea kwa mnong'ono, na mnadani inabidi mtu mwingine amtajie bei.

Alipopata nafuu alikuja ofisini kwetu, Kamunyonge, pamoja na mdogo wake Yunis. Yunis anaishi Buhemba, ana gari la aina ileile, na kila siku hupeleka wanawe shuleni kwa gari hilo. Hawakuja kutukana mtu. Waliomba tuwatangazie wenye magari ya aina hiyo, mifuko mibovu itolewe na mizima iwekwe, kabla mwingine hajaumia.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Stanislausi, ambaye ndiye huyaidhinisha magari hayo yakiingia mkoani, aliwasikiliza kwa unyenyekevu mkubwa huku akichezea simu. Kisha akawafafanulia kitaalamu kwamba kazi ya mfuko wa hewa ni kufunguka, na ule ulifunguka. Kwa hiyo kiutendaji hapakuwa na kasoro. Kilichojitokeza ni shingo kuwa karibu na eneo la utekelezaji. Tukaunda Kamati ya Ukaribu wa Shingo. Ikaenda semina, ikarudi na pendekezo kwamba madereva waendeshe wakiwa wameegemea nyuma kabisa.

Yunis alisema akiegemea hivyo breki haifikii. Mheshimiwa akamweleza kwamba breki ziko chini ya kamati nyingine.

Basi dada hao wakaanza kuzunguka makanisani na magulioni. Wankyo anafungua kitambaa, watu wanaona kovu, Yunis anaeleza. Haikupita muda watu wakaanza kuyakataa magari yale. Mchungaji mmoja wa Bunda alilifunika lake turubai akarudi kwenye baiskeli. Hali hiyo ilitishia utulivu, na utulivu ndiyo shughuli yetu. Mheshimiwa akatangaza onyesho la hadhara Butiama: yeye mwenyewe angeendesha gari la ofisi, la aina ileile, na kugonga ukuta wa magunia ya mchanga mbele ya wananchi. Sijapata kuona ushujaa wa namna ile katika utumishi wa umma.

Siku ilipofika, uwanja ulijaa. Mheshimiwa alipokwisha kukaa kwenye usukani, Bi. Wankyo alimwendea dirishani.

"Baba, shuka," alinong'ona. "Tumegombana, sawa, ila sitaki uumie kama mimi."

Mheshimiwa akapandisha kioo.

Aliyagonga magunia kwa mwendo wa wastani. Hakuna kilicholipuka. Hakuna kilichofunguka pia. Mdomo wake ulifika kwenye usukani bila kizuizi chochote, naye akashuka ukiwa umeanza kuvimba, damu kwenye tai, akatangaza kwamba mfuko umeonyesha nidhamu ya hali ya juu: haukuona sababu ya kufunguka, ukatulia. Sisi watumishi tulipiga makofi.

Bi. Wankyo hakupiga. Alimgeukia Makoye, dereva wa ofisi, akamuuliza kwa nini eabegi haikufunguka. Watu walinyamazishana ili wasikie.

Makoye hana mafunzo ya uhusiano. Alijibu: "Itafungukaje na haimo? Bosi alituambiaga tuitoe wiki ileile uliyoumia, mama. Alisema hawezi kukaa na bomu mbele ya kifua. Tukaenda kuifukia Buhemba, kwenye shimo la zamani la wachimbaji."

Bi. Wankyo alishika shingo yake, akamtazama Mheshimiwa, machozi yakamtoka bila sauti.

"Kwa hiyo ulijuaga," Yunis alisema. "Na wanangu ukawaacha wapande."

Mheshimiwa alinitazama nimpe tamko. Nilimshauri kwamba kwa mdomo ule, ukimya ungeeleweka.

Wananchi hawakuondoka uwanjani mpaka wakubwa wa juu walipofika kutoka Musoma. Agizo likatoka: waagizaji wa magari yale wabadilishe mifuko yote bila kumtoza mtu, na Bi. Wankyo asimamie zoezi. Mheshimiwa aliachiwa heshima ya kuandika utaratibu. Aliuandika kwa ukali, apate kusafisha jina: gari halipewi mfuko mpya mpaka mwenyewe akabidhi wa zamani, bila kujali cheo. Akausaini.

Gari la Yunis lilihudumiwa la kwanza. Mchungaji akafuata. Halafu akaja Mheshimiwa na gari la ofisi, akavuka foleni mpaka mbele. Bi. Wankyo akamuomba mfuko wa zamani. Mheshimiwa alieleza kwa kirefu, kwa lugha nzuri, kwa nini hana. Bi. Wankyo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia utaratibu hauna kipengele hicho, akamuomba apishe gari la nyuma.

Kwa tangazo hili, Ofisi inawaomba wachimbaji wadogo wa Buhemba wampe Mheshimiwa ushirikiano. Ndiye yule mwenye tai na sepetu.